Nilimmalizia mke wangu kitambaa chake, akakifungia sandukuni

Dada mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 61, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo miaka 33 na sasa nimestaafu. Nina mke mmoja, watoto wanne na wajukuu. Nakuandikia jambo ambalo barazani siwezi kulisema: ninafuma kroshia, na nadhani mke wangu ananionea aibu.

Lilianza hivi. Mwaka jana mwezi wa tatu nilianguka na baiskeli, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Nikafungwa plasta, nikaambiwa nikae. Mtu aliyezoea kutoka alfajiri, akikalishwa ndani wiki mbili anaanza kugombana na kila kilichomo. Mke wangu anafuma tangu usichana wake. Kila siku, akishaosha vyombo vya mchana na kuswali alasiri, hukaa uani chini ya mpera na kikapu chake cha ukili chenye mabonge ya uzi mweupe na sindano zake. Siku moja alinipa sindano nene na bonge la sufu ya kijani lililobaki kwenye kofia za wajukuu, akasema, "Shika hii, baba. Mikono yako haijavunjika."

Kazi ikanikubali upesi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Tongoni, na nimekua nikimwona na wenzake mchangani wakishona nyavu. Kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi hakukuwa kitu kigeni kwangu.

Naomba nikueleze raha yake, maana wengi hawaijui. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, sindano inaingia, inadaka, inatoka. Unahesabu kama mtu anayevuta uradi, na kadiri unavyohesabu ndivyo kifua kinavyotulia. Umeme ukikatika siachi, vidole vinalijua tundu. Muuza kahawa akipita anagonga vikombe, kwa sauti najua amefika barabara ya ngapi, na mimi nimo mstari wa saba. Jioni nakitandaza gotini nilichofuma, naona kitu ambacho asubuhi hakikuwapo. Miaka 33 nilitengeneza vilivyoharibika. Hiki hakikuharibika, kimezaliwa tu mikononi mwangu.

Miezi ile tulikaa uani pamoja, kila mtu na uzi wake. Siku nyingine hatukusema neno mpaka adhana ya magharibi, na nilijiona kama bwana harusi. Plasta ilipotolewa sikuacha. Mjukuu akanionyesha video kwenye simu, nikajifunza mitindo ambayo mke wangu haijui, nikawa namwonyesha. Nilimwonyesha pia kwamba pembe za kazi yake zinalegea kidogo. Akasema ndivyo alivyofundishwa. Kuna majirani wanawake waliokuwa wakija kufuma naye kila Alhamisi. Siku hizi wamepunguza kuja, nadhani ni kwa heshima kwa kuwa nipo.

Sasa nafika kwenye lililonifanya niandike. Mke wangu alikuwa na kitambaa cha meza alichokianza mwaka 1994 na marehemu mama yake, kule Pangani, cha maua yanayofumwa moja moja kisha yanaunganishwa. Yalitakiwa 80, yalikuwapo 58. Mama yake alifariki mwaka 2003, na kitambaa kikabaki mfukoni, mara moja moja anakitoa, anafuma kidogo, anarudisha. Mwezi wa kumi alikwenda Muheza kumtunza binti yetu aliyejifungua, akakaa siku arobaini. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu ya kumshukuru. Nilinunua uzi unaofanana, nikafuma maua 22 yaliyobaki, nikayaunganisha yote, nikakifua, nikakipiga wanga, nikakinyoosha pasi. Siku aliporudi alikikuta kimetandikwa mezani.

Alisimama kimya. Akapitisha mkono ukingoni, taratibu, mpaka mwisho. Akasema, "Ahsante, mume wangu, umejitahidi." Kisha akakikunja, akakitia sandukuni, akafunga. Hakijatoka tena. Tangu siku hiyo hata yeye sijamwona ameshika sindano. Anasema macho yanamuuma.

Mwezi ujao tunapokea wageni kutoka Korogwe, wanakuja kumposa binti yetu wa mwisho. Juzi mke wangu amesema, "Siku hiyo hivyo viuzi viwe chumbani." Na rafiki yangu mmoja barazani aliwahi kuniuliza kama siku hizi nimehamia kwa akina mama, watu wakacheka. Nikajumlisha, nikaona nimemtia mke wangu aibu mtaani.

Niache kufuma? Nifume kwa kujificha? Au nimwambie kwamba hii ni nyumba yangu na nitakaa nitakavyo? Nisaidie, dada.

Mfumaji wa Ngamiani, Tanga

---

Kaka yangu wa Ngamiani, wa alaykum salaam. Pole kwa mguu, na hongera kwa mjukuu wa Muheza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na sindano mkononi, maana na mimi ni mfumaji. Pale uliposema kifua kinatulia kadiri unavyohesabu, niliweka uzi chini nikatikisa kichwa. Ndivyo kulivyo. Sijawahi kuambiwa hivyo na mwanamume, na nimefurahi.

Kama nimekuelewa, unasema hivi: umepata uzeeni kazi unayoipenda, umeitumia kumpa mkeo zawadi kubwa kuliko zote ulizowahi kumpa, naye ameipokea kwa baridi. Umetafuta sababu, ukaipata barazani: mwanamume kufuma ni aibu. Hayo mengine yote nakubaliana nawe, lakini hilo la mwisho niruhusu nilishike kidogo, nilitazame.

Aibu yenyewe sioni imetoka wapi. Nyavu za baba yako umezitaja mwenyewe. Kanzu unayovaa Ijumaa, lile darizi la kifuani limepita mikononi mwa mafundi wanaume tangu enzi za mababu. Na huko Peru, kwenye kisiwa cha Taquile katika ziwa Titicaca, wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, wanajifunza wangali watoto, na mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza kazi yao ya nguo kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Huyo rafiki wa barazani siku moja mfumie mjukuu wake kofia, uone kama ataikataa.

Lakini mkeo si rafiki wa barazani. Yeye ndiye aliyekutia sindano mkononi, na miezi mizima alikaa nawe uani mchana kweupe, majirani wakipita. Mwanamke anayeona aibu hafanyi hivyo. Ushahidi ulionao ni neno moja, "hivyo viuzi viwe chumbani", na neno hilo limesemwa kwa ajili ya siku ya posa. Kaka yangu, siku ya posa kila kitu kinatiwa chumbani! Cherehani, ndoo, viatu vya watoto, kapu la vitunguu. Je, alisema wageni wasikuone unafuma, au alisema tu nyumba iwe safi? Mimi sikuwapo. Wewe ulikuwapo, jaribu kuikumbuka sauti yake.

Kuna mambo katika barua yako uliyapita haraka, kama mtu anayeruka tundu akidhani halimo katika hesabu. Naomba turudi nyuma mstari.

Umesema alikuwa na saa yake: vyombo vimeoshwa, ameswali, amekaa chini ya mpera na kikapu. Wanawake wengi tuliolea na kupika miaka thelathini tunaijua saa hiyo. Ndiyo pekee ambayo hakuna anayeuliza chumvi iko wapi. Naye akaigawa, akakupa nusu, kwa kuwa ulikuwa na shida na kwa kuwa anakupenda. Kisha ukaendelea kukaa. Kisha majirani wa Alhamisi wakapungua. Wewe unaiita heshima, na kweli ni heshima, lakini heshima nayo ina gharama yake: wanawake hawafungui vifua vyao mbele ya mume wa mtu. Penye Alhamisi hizo huenda palikuwa na mengi zaidi ya uzi.

Halafu ukamwonyesha kwamba pembe zake zimelegea, naye akakujibu kwamba ndivyo alivyofundishwa. Nani alimfundisha? Hapo ndipo nilipoiweka barua chini mara ya pili.

Wewe na mimi tunajua kwamba kila mfumaji ana mkono wake. Wape watu watatu uzi mmoja na sindano moja, watatoa maua matatu tofauti, huyu amekaza, huyu amelegeza, huyu anavuta kidogo anapofunga mzunguko. Sweta za dukani hutoka mashineni, lakini kroshia yenyewe bado haijapata mashine ya kiwandani ya kuifuma. Kitambaa cha kroshia ya kweli unachokiona, vitanzi vyake vimepitia vidole vya mtu. Kwa hiyo ninakuuliza: katika yale maua 58, ni mangapi yaliyofumwa na marehemu mama mkwe wako? Hukuniambia, na yamkini hujui. Mkeo anayajua, naona, moja moja. Ulipomwona anapitisha mkono ukingoni taratibu mpaka mwisho, inawezekana alikuwa anayatafuta.

Kitambaa cha maua 80 kwa mtu mwenye mkono wake ni kazi ya miezi, wewe mwenyewe ulifuma 22 kwa siku arobaini. Yeye amekaa nacho tangu 1994, na zaidi ya miaka 20 tangu mama yake alipofariki, akikitoa mara moja moja, anafuma kidogo, anarudisha. Aliyeshindwa kazi anaitupa au anamgawia mtu. Yeye hakukitupa wala hakukimaliza. Inawezekana kila alipokitoa alikuwa anakwenda Pangani kukaa na mama yake nusu saa, na aliacha maua yabaki ili safari zibaki.

Haya nayakisia, na ninaweza kuwa nimekosea kabisa. Labda alikipenda sana akakitia sandukuni kumwekea binti anayeposwa. Labda macho yanamuuma kweli. Hilo usilichukulie kuwa kisingizio, maana baada ya miaka 40 macho yetu yanapoteza nguvu ya kuona karibu, na uzi mwembamba mweupe ndio wa kwanza kukusaliti, hasa jioni. Mpeleke akapimwe. Miwani ya kusomea imewarudisha wengi kwenye sindano.

Sasa nikirudi kwenye maswali yako. Kuacha kunawezekana, lakini ninakuonea huruma, kwa kuwa umeeleza kazi hii kama mtu aliyepata maji. Tena ukiacha ghafla, yeye ataona amekunyang'anya kitu, na nyumba itakuwa na watu wawili wasiofuma badala ya mmoja. Kujificha sikuoni ukikuweza. Mtu aliyekaa uani kwa raha namna ile, leo afume chumbani na mlango umerudishwa, mkeo atajua tu, na kila siku mlango huo utamwambia kwamba umeudhika. Ama kusema nyumba ni yako, sawa, ni yako, hakuna atakayebisha. Naye huenda asikubishie, atanyamaza tu. Umeshaona kimya chake siku aliporudi Muheza. Unakitaka kingine?

Njia nyingine ni kuuliza. Nayo ina hatari zake, nisikufiche. Ukimwuliza, "Je, unanionea aibu?", utakuwa umemtilia jibu mdomoni, atasema hapana, na mtakuwa mmefunga mazungumzo kabla hayajaanza. Ukimwuliza mbele ya watoto, atakusitiri. Na anaweza kulia, na wewe ukaona umeharibu zaidi. Mimi ningengoja wakati mtulivu, baada ya isha labda, niombe sanduku lifunguliwe. Si kwa kuonyesha kazi yangu. Ningesema: "Nionyeshe maua ya mama." Kisha ninyamaze, hata akichukua muda mrefu kujibu. Kama nimekosea, atakwambia tu ni yapi, mtakikunja, na hutakuwa umepoteza kitu.

Najua fikra itakayokujia ukigundua kwamba nilikisia sawa, kwa kuwa wewe ni fundi na fundi akiona kosa anataka kulirekebisha. Utataka kuyafumua yale maua 22. Kroshia inafumuka kwa wepesi, ni kitanzi kimoja tu kinachokuwa hai, ukiupata mwisho wa uzi ukauvuta, kazi ya wiki inaondoka kwa dakika. Nakuomba sana usifanye hivyo peke yako. Uliunganisha ya kwako na ya kwao, na ukikosea uzi wa kukata, ua la marehemu ndilo litakaloachia. Tena pamba ya tangu 1994, iliyofuliwa na kupigwa wanga, huenda imekwisha nguvu. Lakini sababu yangu kubwa si uzi. Zawadi ya kwanza ilikwenda vibaya, kama ilikwenda vibaya, kwa kuwa uliamua peke yako akiwa hayupo. Ukiifumua peke yako utakuwa umeamua mara ya pili. Akitaka maua hayo yatolewe, mkae pamoja, yeye ashike mkasi. Akitaka yabaki, yabaki. Mkono wako nao sasa umo mle, na hilo nalo si dogo kwake. Ni mume aliyekaa siku arobaini na mguu unaouma, anahesabu kwa ajili yake. Nadhani analijua. Pengine ndiyo maana hajui la kusema.

Kuhusu Alhamisi, wazo moja, ulipime. Siku hiyo baada ya alasiri uwe na safari, hata ya kwenda Mgandini kutazama uzi, na usirudi mpaka magharibi. Usitangaze kwamba umewaachia nafasi, ondoka tu. Hatari yake ni kwamba anaweza kudhani unamkimbia, kwa hiyo mwambie unakokwenda, mwulize kama kuna cha kumletea. Majirani wataona baiskeli haipo. Ukirudi, ukikuta vikombe vinne vya chai havijaoshwa chini ya mpera, ujue kuna kitu kimerudi.

Na kwa kufuma kwako, nilipokuwa nakusoma nilifikiria katani, uzi wa mkonge. Wewe ni mtu wa Tanga, mikono ya mitambo, mwana wa mvuvi. Mkonge uliingia kwetu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf na miche ya kwanza ikapandwa Kikokwe, ng'ambo tu ya mto kule Pangani kwa wakwe zako. Uzi wa katani unataka sindano nene na mkono wenye nguvu. Vidole vyangu mimi vilishindwa, vilichubuka siku ya pili, lakini nimeona makapu na mazulia ya mlangoni yaliyofumwa kwa katani kwa kroshia, magumu, mazuri, yanayokaa miaka. Anza kwa kuulowesha uzi kidogo ulainike. Sisemi uuache uzi mweupe, wala sisemi mgawane vifaa kama walioachana. Nasema tu inawezekana ukapata upande wako wa ua, na yeye akapata tena upande wake, na mpera ukabaki katikati. Au inawezekana akakucheka, akasema rudi hapa, nimekuzoea. Hilo ni lenu.

Ugeni wa Korogwe uko mwezi ujao, huna haja ya kuyamaliza haya kabla yake. Wala usikitoe kitambaa kile kukitandika siku ya posa kwa nia njema, hata kama meza itakuwa tupu. Kama anataka kitandikwe, sanduku ni lake na ufunguo ni wake.

Ukipenda uniandikie tena. Ningependa kujua kama miwani imesaidia, na ningependa zaidi kujua maua ya mama ni mangapi. Na mguu huo, kaka, usiukalie saa mbili mfululizo kwa sababu ya mstari wa saba. Muuza kahawa akigonga vikombe, inuka, umfuate mpaka pembeni ya barabara, unywe, ndipo urudi.